Mwongozo wa Mnunuzi Asiyeuliza Maswali

Mwongozo huu haukuandikwa kwa ajili ya watu waangalifu. Mtu mwangalifu hafanyi biashara saa sita usiku, kwenye simu, akiwa ndiyo kwanza ametoka zamu ya pili ghalani. Umeandikwa kwa ajili yako wewe uliyeko Columbus, Dallas, Minneapolis au Portland ya Maine, uliyeangalia video za vijana wanaomwaga sarafu mezani na kuzihesabu kwa tabasamu, na usiku wa leo ukakutana na tangazo: mashine ya mtumba ya kuuza vitafunio na vinywaji, mseto, krispi juu na soda chini, dola 1,800, maelewano yapo. Umeshamwambia mama watoto kwamba hii ni pesa inayoingia wakati umelala. Ameuliza inaingilia mlango gani. Umemwambia asubiri aone.

Basi tusikucheleweshe. Zifuatazo ni hatua za kununua mashine hiyo bila kujisumbua kwa maswali. Ukizifuata zote utakuwa nayo gereji kabla ya Jumapili, na huenda ukabaki nayo hapo gereji Jumapili nyingi zijazo.

Hatua ya 1: Ipende kabla hujaielewa

Biashara yenyewe ni kongwe. Heron wa Aleksandria, katika karne ya kwanza, alieleza chombo kilichotoa maji matakatifu hekaluni mtu akitumbukiza sarafu ya drakma 5. Mwaka 1888 mashine za kuuza ubani wa kutafuna zilisimama kwenye vituo vya treni za juu jijini New York. Heron alifafanua vizuri namna maji yanavyotoka. Faida ya mwenye chombo hakuigusia, na wauzaji wa mashine wamefuata nyayo zake tangu hapo.

Mashine mseto ni kabati moja lenye kazi mbili. Juu kuna trei za springi: mteja anabonyeza namba, mota inazungusha springi, pakiti inasukumwa mbele na kudondoka. Chini, kukiwa na ukuta wa kuzuia joto katikati, kuna sehemu ya baridi ya makopo na chupa. Kote kunalipiwa kwenye kipokea noti kilekile na kipokea sarafu kilekile, na kote kunaongozwa na bodi moja ya umeme. Ni wapangaji wawili wanaotumia mita moja ya umeme ya LUKU: mmoja akivuruga, wote wanalala gizani.

Asiyeuliza huona hapa mashine mbili kwa bei ya moja. Muuzaji atakuambia hivyohivyo, na hatakuwa amedanganya. Amekupunguzia tu sentensi ya pili. Kwa kuwa kabati ni moja, kila upande umepewa nafasi finyu. Vinywaji ndivyo vinavyokimbia, hasa kiangazi. Maji na kola vitaisha Jumatano, wakati biskuti za karanga zinasubiri tarehe yao ya mwisho kwa utulivu. Utaendesha gari kwenda kujaza safu mbili za soda, na petroli itakayotumika itakuwa imekula faida ya hizo safu mbili.

Ndiyo maana mashine ya aina hii ilitengenezewa mahali padogo: karakana ya magari, ofisi ya wastani, duka la kufulia nguo. Mahali ambapo mashine mbili zingekuwa nyingi na kutokuwa na mashine kungekuwa kero. Kwenye ghala la wafanyakazi 300 ni ndogo mno, na kwenye saluni ya wasusi watano ni kubwa mno. Lakini haya ni maswali ya ukubwa wa mahali, na wewe hatua hiyo umeiweka karibu na mwisho. Tutaifikia.

Hatua ya 2: Soma tangazo kwa moyo mweupe

Matangazo ya mashine za mtumba yana lugha ya upole. "Ilikuwa inapooza vizuri mara ya mwisho." Usiulize mara ya mwisho ilikuwa lini. "Kipokea noti kinahitaji kusafishwa tu." Usiulize kwa nini mwenyewe hakukisafisha, maana kukisafisha ni kazi ya dakika chache na kitambaa. "Ufunguo umepotea, lakini fundi yeyote atafungua." Makufuli mengi ya mashine hizi yametengenezwa makusudi ili fundi yeyote asifungue, huwa yanatobolewa kwa keekee, halafu unanunua jipya.

Ufunguo uliopotea una habari nyingine pia. Mtu anayeuza mashine isiyo na ufunguo wala risiti huenda anauza mashine isiyo yake. Mashine nyingi za soda zenye nembo ya kampuni kubwa ya vinywaji ni mali ya kiwanda cha kujaza soda, ambacho huziazimisha kwa maduka na ofisi, na huzibandika kibati chenye namba ya mali. Ofisi ikihama, mashine inabaki. Mpangaji mpya anaikuta, anaipiga picha, anaitangaza. Mnunuzi anayeuliza hutafuta kibati hicho, kisha huandika namba ya mashine kwenye hati ya mauziano. Asiyeuliza huuziwa mbuzi kwenye gunia, na mbuzi mwenyewe ni wa jirani.

Pia utaona maneno haya: "Inafanya kazi vizuri, inahitaji mahali tu." Yapite haraka.

Hatua ya 3: Itazame kwa nje

Fika wakati muuzaji ameichomeka nusu saa kabla yako. Taa zinawaka, feni inavuma, ukiingiza mkono unasikia kaubaridi. Mwambie, "Iko sawa kaka," na uulize lori litafika saa ngapi.

Mbishi angeomba iwashwe tangu jana yake, ikiwa na chupa kadhaa za maji ndani. Kabati la baridi huchukua saa nyingi kushuka hadi nyuzi 3 au 4 za Selsiasi, na kompresa iliyo karibu na kaburi inaweza kunguruma kwa nusu saa bila aibu yoyote. Angekuja na kipimajoto, kisha angepiga magoti kuchungulia kondensa. Iliyozibwa na vumbi la miaka inalazimisha kompresa kufanya kazi usiku na mchana, na hapo unanunua pia bili ya umeme ya mtu atakayekupa mahali, ambaye hatachelewa kuiona.

Halafu angeomba mlango ufunguliwe. Ndani, karibu na bodi, mashine nyingi za kielektroniki zina kitufe cha fundi. Ukikibonyeza, kioo kidogo cha namba kinaorodhesha hitilafu, kinakuruhusu kuzungusha mota moja baada ya nyingine, na kwenye mashine nyingi kinaonyesha jumla ya mauzo tangu ilipotoka kiwandani. Muuzaji anayesema "haijatumika sana" anaweza kusutwa hapo na mashine yake mwenyewe.

Angeuliza pia kama ina kihisi cha kudondoka, yaani miale inayokagua kama pakiti imeanguka kweli. Isipoanguka, springi inazunguka tena au pesa inarudi. Mashine za zamani hazina kitu hicho. Mteja analipa, krispi inaning'inia kwenye ncha ya springi, na mteja anaanza kuitikisa mashine. Mzaha unaishia hapo kidogo: tume ya usalama wa bidhaa ya Marekani ilihesabu vifo visivyopungua 37 na majeruhi 113 kati ya mwaka 1978 na 1995, vya watu walioangukiwa na mashine za soda walizokuwa wakizitikisa au kuziinamisha. Mashine inayokula pesa ya mtu ni hatari kwa mtu huyo, na jina kwenye leseni ya biashara litakuwa lako.

Hatua ya 4: Amini kwamba pesa ni pesa

Mpe muuzaji noti ya dola 1 aijaribu. Ikiingia, shangilia. Noti hiyo itaingia karibu kila mahali, kwa sababu sura yake haijabadilishwa tangu mwaka 1963, na Bunge la Marekani limekuwa likizuia fedha za umma zisitumike kuibadilisha. Ndiyo noti rafiki kuliko zote kwa mashine chakavu.

Mwenye maswali angetoa mfukoni noti ya dola 5 ya toleo lililoanza kutumika mwaka 2008, na ya dola 10 ya mwaka 2006. Kipokea noti ambacho programu yake haijaguswa tangu kabla ya hapo kitazitema. Vingine vinasasishwa kwa gharama ndogo, vingine vimekwisha kabisa. Halafu angemwaga sarafu za aina zote, atazame kama chenji inarudi sahihi. Chenji hiyo, kwa njia, ni yako: vibomba vya sarafu lazima vijazwe pesa kabla mteja wa kwanza hajafika, na hakuna video hata moja inayoonyesha mtu akimwaga sarafu kuelekea upande huo.

Ila swali kubwa zaidi lina herufi tatu: MDB. Huo ni utaratibu uliokubaliwa na watengenezaji miaka ya 1990, ambao unaruhusu bodi ya mashine kuzungumza na kipokea noti, kipokea sarafu na kisoma kadi cha kampuni yoyote. Mashine yenye MDB utaifungia kisoma kadi mwenyewe mchana mmoja. Isiyo nayo itabaki kwenye sarafu na noti, katika nchi ambayo kijana wa miaka ishirini hutembea na simu na kadi tu na huenda hajagusa sarafu tangu Krismasi. Kisoma kadi kipya hugharimu dola mia kadhaa, kisha kuna ada ya kila mwezi na asilimia ya kila mauzo. Asiyeuliza huhesabu kadi kama faida ya baadaye; mwenye mashine huilipia ada hata mwezi ambao hakuna aliyenunua kitu.

Hatua ya 5: Gesi ni gesi

Mgongoni mwa mashine, au ndani ya mlango, kuna kibati kinachotaja gesi ya ubaridi. Usikisome. Kikisema R-12, hiyo ni gesi ambayo Marekani iliacha kuizalisha mwishoni mwa mwaka 1995 kwa sababu ya kuharibu tabaka la ozoni. Mashine inayoitumia ina umri wa kutosha kupiga kura na kuoa. R-134a ni ya mashine nyingi za mtumba zilizo sokoni, na bado inahudumika. Mashine mpya zimehamia kwenye propani, iitwayo R-290, au kabonidioksidi.

Gesi ikivuja, usimwite shemeji anayejua friji za nyumbani. Sheria za shirika la mazingira la Marekani, EPA, zinataka anayegusa mfumo wa gesi awe na cheti, na kuiachia R-12 au R-134a hewani makusudi ni kosa. Fundi mwenye cheti atatoza kwa saa, kuanzia anapotoka nyumbani kwake. Habari njema ni kwamba kwenye baadhi ya mashine mfumo wote wa ubaridi ni kasha moja linalochomoka na kubadilishwa. Hilo lingekuwa swali zuri.

Muuzaji akiongeza kwamba unaweza hata kuuza sandwichi na maziwa humo, itikia kwa kichwa. Kanuni za mfano za FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ambazo majimbo hujengea sheria zake, zinataka mashine ya vyakula vinavyoharibika ijifunge yenyewe joto likizidi nyuzi 5 za Selsiasi, isiuze tena mpaka ihudumiwe na kujazwa chakula upya. Mashine mseto nyingi za mtumba hazina akili hiyo. Zitaendelea kuuza tu.

Hatua ya 6: Waite binamu wawili na pikapu

Mashine tupu ina uzito wa kilo 250 hadi 400, kutegemea aina. Binamu wawili wenye nia njema wana migongo minne tu ukihesabu na ya wake zao watakaowauguza. Kinachotakiwa ni toroli la kuinulia mizigo mizito, lori lenye jukwaa la kunyanyua nyuma, kamba imara na mtu aliyewahi kuifanya kazi hiyo.

Isafirishwe imesimama. Ikilazwa, mafuta ya kompresa hutembea kwenda kusikotakiwa, na ukiichomeka mara tu inaposhuka unaweza kuiua siku ileile ya harusi. Iliyolala iachwe imesimama siku nzima kabla ya kuwashwa.

Kuhusu milango: mashine mseto ya kampuni ya AMS inayoonekana sana sokoni ina upana wa inchi 39. Mlango wa kawaida wa ofisi ni inchi 36, na ukitoa bawaba na fremu hubaki pungufu ya hapo. Kina chake kinaweza kukuokoa ukiipitisha kiubavu, au mlango wa mashine ukitolewa. Mwenye maswali hubeba futi ya kupimia na kupima kila mlango, kona, lifti na ngazi kati ya lori na soketi. Soketi yenyewe iwe ya peke yake, bila waya wa kuongezea. Asiyeuliza hupima mlango wa gereji ya muuzaji, ambao ni mpana, na kuridhika.

Hatua ya 7: Mahali patapatikana

Hapa ndipo mwongozo huu unapostahili kusomwa polepole, maana ndipo mnunuzi wetu anapokuwa jasiri kuliko kote. Ametumia wiki nzima kuvutana na muuzaji juu ya bei. Mahali hajapatafuta hata mchana mmoja.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mashine dola 1,800. Usafiri 250. Kisoma kadi 300. Kukarabati kipokea noti 150. Kufuli jipya 60. Jumla dola 2,560, bila kuhesabu bidhaa za kwanza na sarafu za chenji. Sasa tuseme kila pakiti au kopo linakuachia senti 70 baada ya kutoa gharama ya bidhaa, kodi ya mauzo, makato ya kadi na kamisheni ya mwenye jengo. Senti 70 ni makadirio ya mtu mwenye bahati, na petroli hatujaigusa.

Ukiiweka mahali panapouza vitu 30 kwa wiki, unapata dola 21. Pesa yako itarudi baada ya wiki 122, yaani zaidi ya miaka miwili. Sasa rudi nyuma, uwe hodari wa kupatana kuliko wote waliowahi kushuka soko la Kariakoo, umshushe muuzaji dola 500 nzima. Wiki zinakuwa 98. Bado ni karibu miaka miwili.

Sasa acha kupatana kabisa. Lipa 1,800 yote bila kukohoa, lakini uwe na mahali panapouza vitu 100 kwa wiki. Unapata dola 70, na pesa inarudi katika wiki 37. Punguzo la dola 500 limekuokolea wiki 24. Mahali pazuri pamekuokolea wiki 85. Mnunuzi asiyeuliza alitumia ulimi wake wote kwenye kile kidogo.

Na sasa yale maneno ya tangazo tuliyoyapita haraka: "Inahitaji mahali tu." Ni sawa na kuuziwa duka lisilokosa kitu ila wateja. Mashine hii ilikuwa mahali fulani. Kama ilikuwa inaingiza pesa hapo, kwa nini iko gereji? Majibu mema yapo: kampuni imefunga, mwenye mashine anastaafu, mahali pamekua na sasa panahitaji mashine mbili kubwa. Majibu mabaya ni mengi zaidi: iliondolewa kwa malalamiko, haikuuza, ilikuwa inakula pesa za watu, au haijawahi kutoka hiyo gereji tangu huyo naye aliponunua kwa mtu mwingine asiyeuliza. Muuzaji anayeweza kukuonyesha mauzo ya miezi kadhaa kwenye programu ya kisoma kadi ni wa kumsikiliza. Anayekuambia "inaweza kukuingizia hata dola mia tano kwa mwezi" anazungumzia uwezo wake wa kuongea.

Unapotafuta mahali, sahau posta na majengo ya serikali kuu. Tangu mwaka 1936 sheria ya Randolph-Sheppard inawapa watu wasioona kipaumbele cha kuendesha biashara za aina hii kwenye majengo ya serikali ya shirikisho, na ni sheria nzuri. Hospitali kubwa na viwanda vikubwa vina mikataba na kampuni kubwa. Kilichobaki ni kile kinachohitaji miguu: kubisha hodi kwenye karakana, kwenye nyumba za kulelea wazee ambako wenzetu wengi hufanya zamu za usiku, kwenye maghala madogo, na kuuliza wafanyakazi ni wangapi, zamu ni ngapi, duka la karibu liko umbali gani, na chakula cha usiku hupatikana wapi. Wakikubali, waandike: nani analipa umeme, kamisheni ni kiasi gani, notisi ya kuiondoa ni siku ngapi. Mashine inafuata karatasi hiyo. Haitangulii.

Leseni, kodi ya mauzo na vibali vya jimbo pia vipo, na kila jimbo lina namna yake. Ulizia ofisi ya kodi ya jimbo kabla haijakuulizia wewe. Faraja iko moja: kanuni ya serikali kuu ya kuonyesha kalori inamhusu mwenye mashine 20 na kuendelea. Kwa kasi unayokwenda, bado unao muda.

Hatua ya 8: Mwamini anayekuuzia na mahali pia

Atatokea mtu mwenye tai ambaye mashine zake zinakuja pamoja na mahali pake. Utapewa kahawa, chati zinazopanda, na sharti la kusaini leo. Saini.

Au fanya hivi: mwombe karatasi ya maelezo. Chini ya kanuni ya Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliyorekebishwa na kuanza kutumika tarehe 1 Machi 2012, anayekuuzia fursa ya biashara kwa ahadi kwamba atakupatia mahali pa kuweka mashine anatakiwa akupe hati ya ukurasa mmoja angalau siku 7 kabla hujasaini au kulipa. Humo anasema kama amewahi kushtakiwa kwa udanganyifu, kama anatoa ahadi ya mapato, na majina ya watu waliowahi kununua ili uwapigie. Kama amekuahidi mapato, anatakiwa akupe maelezo ya maandishi ya ahadi hiyo na aweze kuithibitisha. Kanuni haikutungwa kwa ndoto mbaya za usiku mmoja. Mwaka 1998 FTC na majimbo waliendesha msako dhidi ya matapeli wa biashara hii hii ya mashine, wakauita Operation Vend Up Broke.

Mtu binafsi anayeuza mashine yake moja gerejini kwake, bila kukuahidi mahali wala mapato, hafungwi na kanuni hiyo. Huko unalindwa na mdomo wako mwenyewe, na ndiyo sababu mwongozo huu unautaka uwe umefungwa.

Hatua ya 9: Ikishindikana, ipeleke nyumbani

Kila mnunuzi wa aina yetu ana mpango wa akiba: ikigoma hapa, itaingia kwenye kontena kwenda Dar es Salaam au Mombasa, ambako itakuwa ya aina yake.

Itakuwa ya aina yake kweli. Inataka umeme wa volti 115 na mzunguko wa hezi 60. Tanzania na Kenya zina volti 230 hadi 240 na hezi 50. Transfoma itashusha volti lakini haitabadilisha hezi, na mota ya kompresa iliyotengenezewa 60 itazunguka taratibu kuliko ilivyozoea. Kipokea noti kinamjua Washington, hakiwajui tembo na simba. Kipokea sarafu hakijawahi kukutana na shilingi. Na wateja wa huko wanalipa kwa simu, kwa hiyo utahitaji mtu wa kuiunganisha na mitandao ya pesa. Waliofanikiwa Kenya na mashine za kujihudumia walianzia kwenye hitaji la mtaa: mashine za maziwa na za mafuta ya kupikia, ambapo mtu ananunua kwa kipimo cha pesa aliyonayo. Krispi na soda vinauzwa kila baada ya hatua ishirini na mama mwenye kibanda, anayetoa chenji kamili, anayekopesha, na asiyehitaji gesi ya R-134a.

Kwa aliyekosea akaanza kuuliza

Inawezekana umeusoma mwongozo huu vibaya na sasa una maswali. Hutafaidi tena hatua zilizotangulia, kwa hiyo uamuzi wako utakuwa mkavu namna hii.

Una mahali palipoandikwa kwenye karatasi, penye watu wa kutosha kwa mashine ndogo na wasiotosha kwa mbili kubwa? Mashine imepoa usiku kucha mbele ya kipimajoto chako, mota zote zimezunguka, noti ya dola 5 imeingia, MDB ipo, ufunguo upo, na vipuri vya aina hiyo bado vinatengenezwa? Inapita kwenye mlango wa kule inakokwenda? Basi nunua. Mashine mseto ya mtumba iliyopita hapo si upuuzi. Ni njia ya bei nafuu ya kujifunza biashara kabla ya kununua mpya kwa bei iliyozidi mara mbili au tatu.

Kama jibu la lile swali la kwanza ni hapana, mengine yote hayana haja ya kujibiwa, hata bei ikishuka hadi dola 900. Mshukuru muuzaji, mwambie utamtafuta ukishapata mahali. Atakuambia kwamba kuna mtu mwingine anakuja saa kumi na pesa taslimu. Mwachie. Kama mtu huyo yupo kweli na hajauliza kitu, mashine itakuwa sokoni tena baada ya miezi michache, safari hii ikiwa na kisoma kadi alichokinunua yeye, na bei itakuwa imeshuka.